Je, Mtakatifu wa Mti Apakwe Rangi?



Katika kapela moja ya upande wetu, kati ya Butembo na Beni, kuna sanamu ya Mwenye heri Anuarite iliyochongwa kwa mbao ya libuyu. Mzee mmoja seremala aliichonga kwa mikono yake, wala hakuomba mshahara. Ilipoletwa kapelani ilikuwa mti mtupu, rangi yake ni ile ile ambayo Mungu aliupa mti huo msituni. Haikupita miezi mingi, Wakristu wakaanza kuomba ipakwe rangi. Mimi katekista wao nilikubali, nikaichukua mwenyewe, nikaipeleka mjini kwa fundi wa rangi.

Yaliyofuata nitayasimulia mbele. Kwanza nataka kuwaeleza habari za sanamu nyingine, ya zamani sana, iliyopatwa na mambo kama yale ya kwetu. Niliiona kwa picha tu, katika kitabu kikubwa cha maktaba ya seminari, wakati nilipokuwa nikisoma huko. Ujerumani sikufika. Lakini picha ile nimeirudia mara nyingi, nayo imenifundisha jinsi ya kuhukumu kazi ya namna hii kuliko maneno mengi niliyosikia.

SANAMU YENYEWE

Mwaka 1490 wakubwa wa Münnerstadt, mji mdogo wa Ujerumani, walipatana na mchonga sanamu Tilman Riemenschneider wa mji wa Würzburg, awatengenezee altare kubwa ya mbao kwa kanisa lao la parokia. Yeye alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi. Mwaka 1492 kazi ilikuwa imekwisha. Ili msomaji apime ni zamani gani, akumbuke kwamba mwaka 1491, katikati ya kazi hiyo, ndipo mfalme Nzinga a Nkuwu wa Kongo alipobatizwa na kupewa jina la João. Basi patasi ya mzungu yule ilikuwa ikigonga mti wakati maji ya Ubatizo yalipokuwa yakimwagwa mara ya kwanza juu ya kichwa cha mfalme katika nchi ya Kongo.

Kanisa la Münnerstadt liko chini ya ulinzi wa Mtakatifu Maria Magdalena. Kwa hiyo yeye aliwekwa katikati ya altare, akiinuliwa na malaika sita. Upande mmoja alisimama Mtakatifu Kiliani, askofu na shahidi, aliyeleta Injili katika nchi ile. Upande wa pili alisimama Mtakatifu Elizabeti, mke wa mtawala, aliyewalisha maskini. Chini waliketi Wainjili wanne.

Msomaji atauliza: Kwa nini malaika wanamwinua Magdalena? Ni hadithi ya zamani. Walisema kwamba baada ya Bwana kupaa mbinguni, Magdalena alikwenda kukaa pangoni kusini mwa Ufaransa, akafanya kitubio miaka thelathini. Nguo zake zikachakaa, nywele zikamfunika mwili wote, na kila siku saa za sala malaika walimwinua juu asikie nyimbo za mbinguni. Injili haisemi hayo, wala hatulazimiki kuyasadiki. Watu wa kale walimchanganya na Maria wa Misri, mtubu wa jangwani. Injili inatuambia jambo lililo kubwa zaidi: Magdalena alisimama karibu na msalaba, na ndiye aliyetumwa kuwapasha Mitume habari ya Ufufuko. Kwa ajili hiyo, mwaka 2016 Papa Fransisko alipandisha ukumbusho wake wa tarehe 22 Julai uwe sikukuu, kama zilivyo za Mitume wenyewe.

Sasa tutazame kazi. Mwili wa Magdalena umevikwa nywele tele zilizojikunja, na kila kishungi kimekatwa peke yake kwa ncha ya chuma. Mikono ameiunganisha kwa sala. Malaika wamemzunguka, nguo zao zina mikunjo mikali kama karatasi iliyokunjwa kwa nguvu, nao wanafanya kazi kweli kama watu wanaobeba mgonjwa kwenye tipoyi. Lakini uso wake si uso wa mtu anayeshangilia. Kichwa kimeinama kidogo. Macho ni mazito, kama ya mtu aliyelia siku nyingi, kisha akanyamaza. Mchonga sanamu dhaifu angemfanya atazame juu na kufungua kinywa, ili sote tujue kwamba anakwenda mbinguni. Riemenschneider hakufanya hivyo. Alifahamu kwamba mtu anayeinuliwa na neema hajisifu kwamba anapanda. Malaika wanajua wanakwenda wapi; yeye anasali tu.

Hayo yote aliyafanya kwa mti wa linde, mti mweupe na laini wa Ulaya, usiokataa kisu. Na alipomaliza hakuweka rangi. Aliupaka mti wangavu mwembamba tu, akatia weusi kidogo katika macho na wekundu kidogo katika midomo. Basi.

WATU WANAOMBA RANGI

Tufahamu kwamba wakati ule sanamu ya mtakatifu isiyo na rangi ilikuwa kitu kigeni. Ilikuwa kama nyumba isiyo na bati. Katika miji mingi ya Ulaya mchonga sanamu alimaliza kazi yake, kisha fundi wa rangi akaanza ya kwake, na mara nyingi huyu wa pili alilipwa kuliko wa kwanza.

Kazi yake haikuwa ya haraka. Kwanza alipaka gundi iliyochemshwa kutoka ngozi za wanyama. Kisha alipaka unga wa chaki uliochanganywa na gundi hiyo, tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja likauke, akilisugua liwe laini kama ganda la yai. Mahali pa dhahabu alipaka udongo mwekundu, laini sana. Juu ya udongo huo alilaza vipande vya dhahabu iliyopondwa mpaka ikawa nyembamba hata pumzi ya mtu yaweza kuipeperusha. Halafu akaisugua kwa jiwe laini au kwa jino la mbwa, mpaka ikang'aa kama kitu cha dhahabu tupu. Mwisho alipaka nyuso na mikono, akichanganya rangi kidogo kidogo, ili shavu liwe na damu na ukope uwe na kivuli.

Watu wa Münnerstadt waliishi na Magdalena wao wa mti mtupu kwa miaka kumi na miwili. Kisha mwaka 1504 wakatafuta mtu wa kumpaka rangi na dhahabu. Aliyepewa kazi hiyo ni Veit Stoss, naye hakuwa fundi wa hivi hivi. Ndiye aliyechonga altare kubwa ya kanisa la Bikira Maria katika mji wa Krakow, Poland, kati ya mwaka 1477 na 1489. Lakini alikuja Münnerstadt akiwa mtu wa aibu. Katika mji wa Nuremberg, baada ya kupoteza fedha zake kwa mfanya biashara, aliandika hati ya uwongo ili azipate tena. Mwaka 1503 akahukumiwa, akachomwa mashavu yote mawili kwa chuma cha moto mbele ya watu. Kisha akakimbilia Münnerstadt, na huko akapewa kazi. Alipaka sanamu, tena akachora juu ya milango ya altare habari za mateso ya Mtakatifu Kiliani.

Ndugu msomaji, mimi sijui nani mwingine angeweza kupewa kazi hiyo kwa haki kuliko yeye. Mtu mwenye alama ya moto katika mashavu aliwekwa kupaka mashavu ya mtubu.

DHAHABU NI YA NINI?

Wenye elimu wengi wa siku hizi huwacheka watu wa Münnerstadt. Husema: Walikuwa na kazi ya ajabu, nao wakaifunika chini ya chaki na rangi kwa sababu hawakuielewa. Mimi pia nilisema hivyo nilipokuwa seminarini. Leo sisemi hivyo tena, na nitaeleza sababu.

Ni kweli kwamba tabaka la chaki huziba mikato midogo. Vile vishungi vya nywele, mikunjo ile mikali, vilichongwa ili vionekane bila nguo juu yake. Hasara ilikuwepo. Lakini nani aliviona? Padri aliyesimama altareni aliviona. Mkristu aliyepiga magoti nyuma ya kanisa, asubuhi ya baridi, bila taa ila mishumaa, aliona nini? Aliona mbao ya rangi moja, giza ndani ya giza.

Hapo ndipo kazi ya dhahabu inafahamika. Sisi hufikiri dhahabu ni utajiri, tena tunakwazika. Kwa nini kumvika dhahabu mtakatifu aliyeacha yote, na hasa katika nchi ambayo watu wamekimbia mashamba yao? Swali hilo ni la haki. Sisi wa Beni tunalijua kuliko wengine, maana tangu mwaka 2014 tumezika watu wengi mno waliouawa vijijini na mashambani. Lakini fundi wa zamani hakuweka donge la dhahabu. Aliweka ngozi nyembamba kuliko jani la kitunguu, na aliiweka kwa sababu haichoki kurudisha mwanga. Mshumaa mmoja ukiwashwa mbele yake, mwanga wake hurudi hadi mlangoni. Mtu wa nyuma kabisa, maskini asiye na kiti chake mbele, huona kwamba kuna mtu pale, tena mtu aliye hai mbele ya Mungu. Basi dhahabu ile ilikuwa taa ya wasio na taa.

Tena tukumbuke kwamba Mtakatifu Elizabeti alisimama katika altare ile ile. Dhahabu bila Elizabeti na maskini wake ingekuwa majivuno.

KUVUA PIA NI KUHARIBU

Hadithi ya Magdalena haikuishia hapo. Baada ya muda mrefu altare ile ilivunjwa vipande vipande. Sanamu zikatawanyika, na rangi ya Magdalena ikaondolewa kabisa. Leo yeye na malaika zake wako mjini Munich, katika nyumba ya makumbusho ya Bavaria. Wainjili wako Berlin. Katika kanisa la Münnerstadt, mahali pake pamewekwa nakala.

Walioondoa rangi walidhani wanamrudishia Riemenschneider kazi yake. Twashukuru kwamba leo tunaviona vishungi vile. Lakini kwa mkono ule ule walifuta kazi ya Stoss, na hakuna atakayeiona tena. Uso ule alioupaka mwenye mashavu yaliyochomwa ulikuwa namna gani? Ulikuwa na machozi? Hatutajua. Rangi ikishakwanguliwa hairudi.

KOSA LETU

Sasa nirudi kapelani.

Nilipoipeleka sanamu ya Anuarite mjini, sikumwuliza fundi alikuwa akipaka nini kila siku. Alikuwa akipaka milango ya chuma na magari. Alikuwa na rangi nzuri, zinazong'aa na kuvumilia mvua. Nilimwambia tu: «Umpendezeshe.» Nikaenda zangu. Baada ya juma moja nikairudia. Vazi la kitawa lilikuwa linang'aa kama beseni jipya. Kope ambazo mzee alizichonga kwa kisu kidogo, siku tatu nzima, zilikuwa zimezama chini ya rangi. Na uso wa Anuarite ulikuwa wa rangi ya waridi, kama uso wa mtoto mchanga wa Kizungu.

Nilimwuliza fundi kwa nini. Akanijibu bila ubaya: «Mwalimu, hii ndiyo rangi ya watakatifu.»

Sikuweza kumkasirikia. Tangu mapadri wa Assomption walipofika katika nchi yetu mwaka 1929, na hata kabla yao, watakatifu wengi tuliowaona walikuwa wa plasta kutoka Ulaya, wenye mashavu ya waridi. Mbele yao bibi zetu walisali, na sala zao zilifika, tusiwadharau. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoipa sanamu inampata yule aliyechorwa ndani yake, na fundisho hilo halingoji rangi ya uso. Lakini fundi huyu alikuwa amejifunza kutoka sanamu hizo jambo ambalo hakuna padri aliyelihubiri, kwamba utakatifu una ngozi yake.

Fikirini basi. Magdalena alikuwa binti wa Galilaya, wa kando ya ziwa, chini ya jua kali. Wajerumani wa mwaka 1504 walimpaka awe kama dada yao, wapate kumtambua. Hilo halikuwa dhambi. Sisi tulikuwa na dada yetu kweli, binti wa Wamba, aliyesema Kiswahili kama sisi, naye tukampaka awe kama dada ya watu wengine, hata hatukumtambua.

Jumapili ile watu waliitazama sanamu, wakanyamaza. Mzee seremala alikaa nje baada ya Misa. Nilimwomba msamaha. Hakusema neno juu ya rangi. Aliniuliza: «Mwalimu, wale waliotaka rangi, waliitaka kwa nini?»

Nilitambua kwamba sikuwauliza. Nikaenda kwa mama mmoja mjane, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba. Akaniambia: «Mwalimu, mimi macho yamechoka, tena nakaa nyuma. Anuarite mlimweka kwenye kona isiyo na dirisha. Mbao ni nyeusi, kona ni nyeusi. Kila siku ninyi mnasema mumtazame Anuarite, nami simwoni.»

Wapenzi, mama huyu hakusoma katika seminari, lakini alinifundisha maana ya rangi na dhahabu yote ya Ulaya ya kale. Watu wakiomba rangi, wanaomba kumwona mtakatifu. Ilitupasa kwanza kuisogeza sanamu penye dirisha. Kazi hiyo ingalihitaji watu wawili na nusu saa.

Mzee alikwangua uso, akauacha mti mtupu. Kope hazikurudi zote. Moja imepotea kabisa, na shavu lina mkato wa kisu. Vazi tumeliacha na rangi yake mpaka tutakapopata fundi anayeweza kupunguza ule mng'ao. Sanamu sasa iko karibu na dirisha la mashariki. Saa ya Misa ya kwanza jua linaugusa uso, na libuyu, ambayo gizani huonekana nyeusi, huwa nyekundu ya joto, kama uso wa mtu wa kwetu. Yule mama bado anakaa nyuma. Anasema anamwona.

TUHUKUMU NAMNA GANI?

Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maaskofu waangalie vema sanamu zinazowekwa makanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Eklesia haikujifunga kwa sanaa ya taifa moja au ya nyakati moja. Basi tusiulize: Je, ni ya Ulaya au ya Kongo? Ina rangi au haina? Riemenschneider bila rangi alifanya vema. Stoss mwenye rangi aliweza kufanya vema pia, maana mchonga sanamu alijua kuheshimu kazi ya mchonga sanamu. Maswali yangu ni mawili tu. La kwanza: Je, aliyekuja wa pili aliitazama kazi ya aliyemtangulia kabla ya kuigusa? La pili: Je, mtu wa nyuma kabisa anaweza kumtambua mtakatifu huyu ni nani?

Kwa swali la kwanza, mimi nilianguka. Nilimpa kazi mtu ambaye sikumwonyesha kope.

Kwa swali la pili, anatujibu Anuarite mwenyewe. Mwaka 1964, waasi walipowachukua masista wa Jamaa Takatifu kutoka Bafwabaka, yeye alikuwa ametia mfukoni sanamu ndogo ya Bikira Maria. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba aliuawa huko Isiro, kwa kukataa kuuvunja utawa wake, akawasamehe waliomwua. Akazikwa pamoja na wengine katika kaburi moja. Miezi ilipopita na kaburi kufunguliwa, walimtambua kwa sanamu ile ndogo iliyokuwa bado mfukoni mwake. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri.

Katika giza la kaburi, sanamu ile ilifanya kazi ambayo sanamu zote zimewekewa: ilionyesha mtu huyu ni nani, na ni wa nani.

Jumapili ijayo, kabla ya Misa, nendeni mkakae nyuma kabisa ya kanisa lenu, penye giza, wanapokaa wazee na akina mama wenye watoto. Kisha tazameni sanamu zenu kutoka pale. Mkiona kwamba hazionekani, msikimbilie duka la rangi. Fungueni dirisha kwanza, halafu mwiteni aliyeichonga.

Mtakatifu Maria Magdalena, utuombee.
Mwenye heri Anuarite, utuombee.